Bizari ya Mama Abubakar

Watu wa soko la Kalundu, pale Kitui mjini, walisema kwamba ukitaka kujua kama Mwanamkasi amefika usitumie macho, tumia pua. Alikuwa akikaanga giligilani na uwatu nyumbani alfajiri, akizitwanga pamoja na manjano, pilipili manga na vitu vingine alivyoachiwa na marehemu mamake, na ile harufu ilimtangulia njiani kama mpambe. Wazee wake walitoka pwani zamani za biashara, lakini yeye alizaliwa Kitui, akaolewa Kitui na Salim fundi cherehani, na Kikamba alikisema kama wenyewe.

Jirani yake sokoni alikuwa Kavata, mke wa Mutunga, kutoka bonde la mto Nzeeu. Kavata alilima nyanya, vitunguu na dhania kando ya mto, akizimwagilia maji ya kuchimba mchangani. Mumewe alifanya kazi ya reli Emali na kurudi mwisho wa mwezi. Wanawake hawa wawili waliuza kama mtu na nduguye. Mteja akishika pakiti ya bizari, Mwanamkasi alimwambia, "Hiyo peke yake ni vumbi tu, mama. Ndengu inataka tui la nazi. Viazi vinataka nyanya na dhania, na dhania itiwe mwisho, moto ukishazimwa. Kuku mpe embe bichi. Nyama ya mbuzi usiipike bila ukwaju, na ukipata asali ya hukuhuku Kitui, dondosha kidogo kabla ya kuepua." Kisha alionyesha kidole kwa Kavata, na mteja alihamia pale kununua yaliyobaki.

Halafu mvua zikakosa kunyesha. Mwaka wa themanini na nne Wakamba waliiita njaa ile *Nikw'a Ngwete*, nakufa nimeshika, kwa sababu mtu aliweza kufa na noti mkononi, asipate cha kununua. Nazi hazikupanda tena kutoka pwani. Ndengu zikaisha madukani. Kwenye bonde la Nzeeu visima vya mchangani vilichimbwa mpaka mtu akizama ndani hakuonekana kichwa, na maji hayakutoka. Kavata alikuja sokoni na vitunguu vidogo kama gololi, baadaye akaja mikono mitupu, akawa anakaa tu mahali pake kwa mazoea.

Mwanamkasi hakulala njaa. Mwanawe Abubakar, aliyekuwa kuli bandarini Mombasa, aliwatumia gunia la unga, nao wakalificha chini ya kitanda. Mara ya kwanza alimmegea Kavata. Mara ya pili pia. Mara ya tatu Salim akamwambia, "Mke wangu, njaa hii hatuijui mwisho wake," na Mwanamkasi akaona mumewe ana haki. Tangu siku hiyo akawa hamwangalii Kavata usoni vizuri.

Asubuhi moja Kavata alimsogelea, akachuchumaa karibu.

"Mama Abubakar, nyama ikiwa imekaa kidogo, inaenda na nini?"

"Nyama gani?"

"Ya mbuzi."

"Imekaa wapi?"

"Imekaa tu."

Mwanamkasi alijua. Mbuzi wa bonde lile walikwisha kitambo. Ng'ombe ndio waliokuwa wakianguka kila mahali, na chifu alikuwa amesema barazani kwamba mnyama aliyekufa mwenyewe azikwe, asiguswe. Mzoga. Katika dini yake neno lile lilitosha kumfunga mtu mdomo. Alifikiria unga ulio chini ya kitanda, akamfikiria na Salim. Kisha akafanya lililokuwa rahisi.

"Iloweke kwenye ukwaju, mwingi, uchachuke kweli," alisema. "Ponda tangawizi na kitunguu saumu mpaka viwe uji, uipake kote. Bizari usiitie majini. Ianze kwenye mafuta, ikaangike mpaka ikuwashe koo, ndiyo utie nyama."

"Sina mafuta."

Mwanamkasi akamimina yake kwenye chupa. Akampa ukwaju, akampa tangawizi, akampa bizari ya kujaza kiganja na nyingine tena juu yake. Hakutaka kitu.

"Haitanuka?" Kavata aliuliza.

"Haitanuka."

Na kweli haikunuka. Kazi ya bizari aliijua barabara.

Siku chache hivi zikapita, mahali pa Kavata pakiwa wazi. Kisha Nzioka, aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni, akapitia sokoni akasema kuna kilio nyumbani kwa Mutunga. Mwanamkasi alijifunga leso na kushuka bondeni kwa miguu.

Aliwakuta wamekwisha kuzika. Makaburi yalikuwa mawili, moja la Mbinya, mamake Mutunga, na moja fupi, la Muthoki, mtoto pekee wa nyumba ile. Kavata alikuwa ndani, amekaa chini, ameegemea ukuta.

"Pole, Mama Muthoki," Mwanamkasi alisema, na papo hapo akatamani angemwita kwa jina lingine.

"Walishiba," Kavata alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Muthoki alilamba sufuria. Mama akasema tangu kiangazi kianze hajasikia chakula kinanukia kama cha watu. Aliomba aongezwe."

"Na wewe?"

"Haikutosha watu watatu. Ilikuwa ng'ombe ya jirani. Ilianguka ikalala hapo mpaka siku ya pili. Nilipokuwa nikiikata, pua yangu ilikataa. Nikapika vile ulisema. Pua ikakubali."

Mwanamkasi alimshika mkono. Ulikuwa mkavu kama ukuni. Alipotoka nje alipita kando ya ghala lisilokuwa na nafaka.

Haukupita muda mrefu, Mutunga akaja sokoni mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu mpole, na alisimama mbele ya meza ya bizari akiwa amevua kofia.

"Mama, samahani. Nina neno moja tu."

"Sema, baba."

"Watu wa kanisa wanasema bibi yangu aliwalisha watu mzoga akijua. Wamemkataza meza ya Bwana. Ndugu zangu wanataka aende kwao. Nasikia hiyo bizari ilitoka kwako. Nataka kujua. Wakati alikuja hapa, wewe ulijua ni nyama gani?"

Wanawake wa meza za karibu walikuwa wameacha maongezi. Mke wa imamu mwenyewe alikuwa amesimama palepale, akichagua karafuu. Neno lilikuwa moja tu, *nilijua*, nalo halikuwa na uzito wa kumshinda mtu mzima.

"Mimi niliuza bizari tu, baba," alisema. "Nitajuaje mtu anaenda kupikia nini?"

"Asante, mama," Mutunga alisema. Akavaa kofia yake, akaenda.

Wiki ileile Kavata alirudishwa kwao, upande wa Makueni, ng'ambo ya Malili.

Mvua zilirudi mwishoni mwa mwaka, tena nzito, na watu wakapanda mbegu za msaada. Muuza mboga mwingine alishika mahali pa Kavata. Dhania ilirudi sokoni, nazi zikapanda, na wateja wakaanza tena kuuliza bizari inataka nini. Mwanamkasi aliwajibu kwa kifupi. Usingizi wake ulikuwa umeharibika, na hata swala ilimkwama katikati, akasahau rakaa aliyofikia. Mwishowe alimwambia Salim anakwenda kumwona jamaa Machakos, akapanda basi, akaunganisha jingine mpaka Emali.

Alimpata Mutunga kando ya reli, anafunga zana. Alikuwa amekonda.

"Nilikudanganya," Mwanamkasi alisema kabla hata ya salamu. "Nilijua. Nilijua tangu aliponiuliza, na mimi ndiye niliyemfundisha."

Mutunga hakushtuka. Aliendelea kufunga kamba.

"Hata mimi nilijua," alisema. "Kavata aliniambia yote, siku ileile niliyofika nyumbani. Alisema, mwulize Mama Abubakar, yeye atakuambia jinsi ilivyokuwa."

"Sasa mbona ulikuja kuniuliza?"

"Nilikuwa peke yangu, mama. Kanisa upande ule, ndugu zangu upande ule. Nikasema, nikipata mtu mmoja wa kusimama na yeye mbele ya watu, na mimi nitasimama. Nilitaka mmoja tu." Alikaza fundo. "Ukakataa, na mimi nikakata tamaa. Sikulaumu. Hata mimi sikusimama."

"Nitakwenda kuwaambia sasa. Nitasimama hata kanisani kwenyewe."

"Uwaambie ili iwe nini? Ndugu zangu wameniletea mwanamke mwingine. Ana mimba."

"Na Kavata?"

"Yuko kwao. Wanasema anakula akipewa. Asipopewa, haombi." Akainua zana zake begani. "Usiende, mama. Nilienda mimi. Aliniangalia vile mtu anaangalia ukuta."

Akamwacha pale, akafuata reli kwenda kazini kwake.

Basi la kurudi lilikuwa na nafasi tele. Mwanamkasi aliketi dirishani, na nchi yote nje ilikuwa kijani, mahindi yamefika magotini. Malili, penye njia ya kwenda kwao Kavata, walisimama kidogo. Wanawake walikuja mbio na ndizi zao, na kondakta akagonga bodi ya gari, akaita, "Kuna wa Malili? Wa Malili washuke!"

Mwanamkasi alishika kifundo cha leso yake. Aliinuka nusu, akakaa. Kondakta alimtazama, akauliza, "Mama, wewe ni wa hapa?"

"Hapana," alisema. "Mimi ni wa Kitui."

Mlango ukafungwa, na basi likaondoka.