Pumzi za Mwanaasha

Mara ya kwanza Sadick aliisikia sauti ile siku ya Jumanne, ndani ya hedifoni, mwishoni mwa kila pumzi aliyovuta mdogo wake. Ilikuwa ndogo mno, kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni, na haikufika hata sekunde. Mwanaasha alivuta pumzi, mafuta yakachemka, kisha sauti yake ikapanda na kufunika kila kitu. Nje ya hedifoni hakuna aliyeisikia, wala mwenyewe Mwanaasha.

Huyu Sadick alikuwa mtu wa kujisikia, na ni vizuri tuseme mapema. Pale Kilwa Masoko walikuwepo wengine waliorekodi, lakini kwa maneno yake wote walikuwa wapiga kelele, kwa kuwa walitumia maiki za kushika mkononi, zile za harusini, ambazo mwimbaji asipokaribia kuzimeza hazimsikii. Yake ilikuwa maiki ya kondensa, inayolishwa umeme, na inasikia mpaka mbu. Mwimbaji alisimama shibiri mbili kutoka kwake, nyuma ya soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya ili pumzi kali zisiipige, na wapiga dufu walirudishwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kuta zote nne za chumba chake cha kurekodia alikuwa amezizungushia magodoro ya sufi. Feni ilizimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo watu walitoka mle ndani wamelowa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kikundi cha kasida cha madrasa moja ya Miteja, kijijini kwao. Kasida tisa, ziwe tayari kabla ya Maulidi. Ustadhi Yasini, mwalimu wa madrasa, alimkabidhi kazi hiyo mbele ya watu, akasema kijana wetu huyu hapa, kwa nini twende kutafuta wageni Lindi. Sadick alilala na maneno hayo wiki nzima. Na sauti ya mbele katika kasida zote tisa ilikuwa ya Mwanaasha, mtoto wa mama yake, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye tangu akiwa na meno ya maziwa akiimba watu huacha wanachokifanya.

Aliposikia ule mchemko alijua la kufanya, maana mjuzi hakosi la kufanya. Alisema ni unyevu. Hewa ya pwani huingia ndani ya maiki za namna hii na kuzifanya zikwaruze, kila fundi analijua hilo. Akaifukia maiki ndani ya ndoo ya mchele kutwa nzima, ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Jumamosi kikundi kiliporudi, mchemko ulikuwepo. Akabadilisha waya. Akazima friji ya soda iliyokuwa chumba cha pili. Akamwomba fundi cherehani wa jirani apumzike saa moja, na yule fundi akakubali shingo upande. Mchemko ulikuwepo.

Ndipo akamwita Maimuna, mwitikiaji, asimame palepale aliposimama Mwanaasha na aimbe beti zilezile. Maimuna akavuta pumzi, na pumzi ikaingia safi, ikatoka safi. Sadick akamrudisha Mwanaasha. Mafuta yakachemka.

Alivua hedifoni akaziweka mezani polepole. Aliogopa, hilo nalisema kwa haki yake. Hakuwa daktari, lakini si lazima uwe daktari kujua kwamba kifua cha binti wa miaka ishirini na minne hakitakiwi kutoa sauti.

Kikundi kilipotoka kupunga upepo, alimbakisha Mwanaasha. Akamuuliza kama anaumwa.

“Nani, mimi?” Mwanaasha alicheka. “Ni vumbi la ufuta, kaka. Tumepepeta wiki mbili.”

“Unachoka?”

“Nani hachoki?”

Akampa jibu alilokuwa analitaka, naye akalipokea kwa mikono miwili. Hakumuuliza kwa nini siku hizi alikuwa akikaa chini baada ya kila kasida. Hakumuuliza kwa nini alikuwa amehamia kulala na mito miwili, jambo ambalo mama yao alikuwa amelitaja kwenye simu kama la mzaha, kwamba mdogo wako amekuwa bibi harusi. Alijitia hamnazo. Maana alijua vizuri kitakachotokea akilisema lile neno nyumbani. Mama angemzuia Mwanaasha asiimbe tena mpaka apone, kikundi kingekosa sauti ya mbele, Maulidi yangefika bila kasida, na Ustadhi Yasini angekwenda Lindi kutafuta wale wageni. Akajiambia tukimaliza nampeleka mwenyewe hospitali. Aliliamini hilo, na wala sidhani alikuwa mwongo siku ile. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa kubwa kuliko dada yake.

Basi akaanza kukata. Kompyuta ilimwonyesha sauti ya Mwanaasha kama mstari wenye vilima, na katikati ya vilima kulikuwa na vichuguu vidogo, ndizo pumzi. Alikaa na zile pumzi mchana kutwa, jasho likimtiririka, akiziondoa moja baada ya nyingine na kuziba mapengo kwa kunyoosha neno lililotangulia. Kasida ya kwanza ilikuwa na pumzi sitini na tatu. Alipoisikiliza imekamilika alitabasamu. Sauti ilimwagika toka mwanzo mpaka mwisho bila doa, na dufu zilikaa nyuma yake kwa adabu. Hakuna aliyewahi kumfanyia kazi namna hiyo mtu wa Miteja.

Wiki ya tatu Mwanaasha alihitaji pumzi mbili pale ilipotosha moja. Sadick akakata zote mbili. Wiki ya tano alimwekea kiti, akamwambia kwamba akikaa sauti inatulia, na wenzake wakamtania kwamba sasa ni malkia. Kasida tisa zilipotimia, Ustadhi Yasini akapendezwa mno, akaomba ziongezwe mbili. Sadick angeweza kusema hapana. Akasema hakuna shida, Ustadhi, na safari ya hospitali akaisogeza mbele.

Wiki ya saba, mama yao, Bi Batuli, alimpigia simu asubuhi kumwambia Mwanaasha hawezi kulala chini kabisa, amekesha ameketi, na miguu imevimba. Sadick alikodi gari akaenda kuwachukua. Njiani Mwanaasha aliegemea dirisha, midomo imebadilika rangi, na ule mchemko sasa ulisikika bila hedifoni, bila maiki, bila chochote. Dereva alizima redio mwenyewe.

Hospitali ya kwanza iliwapeleka nyingine, na huko daktari akawaeleza kwa upole kwamba moyo wa binti huyu umeharibika mlango mmoja, pengine tangu utotoni, na sasa umeshindwa kusukuma, maji yamepanda kwenye mapafu. Akauliza amepumua hivi kwa muda gani. Bi Batuli akajibu ni wiki moja, baba, labda siku kumi. Daktari akaandika. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea kwamba laiti wangemwona miezi miwili nyuma, kuna dawa, kuna namna ya kumwandaa akatengenezwe. Akamtazama Sadick, kama watu wanavyomtazama mwanamume wa familia, kuona kama ana la kuongeza.

Sadick alitazama sakafu. Alikuwa na tarehe zote, kompyuta ilikuwa imeziandika yenyewe, siku na saa, na hakufungua mdomo. La kwanza, la kuwaficha nyumbani, naweza kulielewa hata kama silisamehe. Hili la pili hata kulielewa siwezi.

Mwanaasha aliishi siku nne. Mama yake alikaa nyuma yake kitandani, amemwegemeza kifuani, akisikia kila pumzi ikichemka mpaka ya mwisho. Walimzika Miteja Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri.

Kufikia Maulidi kasida zilikuwa katika kila simu kijijini. Watu walimshika Sadick mkono kwa mikono yao miwili, wakamwambia Mungu akulipe, umetuachia sauti yake. Ustadhi Yasini alilia mbele yake bila kuona haya. Mmoja akasema, mtu akisikiliza haamini kama marehemu alikuwa anaumwa. Sadick aliitikia amina kwa kila mmoja.

Baada ya arobaini Bi Batuli alimwita. Alikuwa hajasikiliza hata kasida moja; zilipopigwa kwa jirani alikuwa anaingia ndani. Sasa alitaka kusikia, na alitaka kusikia kama Sadick anavyosikia, kwa yale makofia ya masikio. Akaketi mkekani. Sadick akamvalisha hedifoni juu ya mtandio, akafungua kompyuta, akamwekea kasida ya kwanza, ile iliyo safi kuliko zote.

Mama alifumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho hajatikisika, kisha akazivua.

“Mbona mwanangu hapumui humu?”

Sadick akamweleza kwamba ndivyo kazi inavyofanywa, pumzi zinaondolewa ili sauti itoke safi. Mama akamsikiliza, akamuuliza alizipeleka wapi. Akasema hakuzitupa, rekodi yenyewe kama ilivyoingia bado ipo.

“Niwekee hiyo.”

Angeweza kusema imefutika. Aliifikiria hiyo, nadhani, maana kidole kilikaa juu ya kompyuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaifungua. Akamwona mama yake akisikiliza dufu zikianza, akaona pumzi ya kwanza ilivyomfikia, maana alishtuka mabega, na mkono ukaenda wenyewe kifuani, pale kichwa cha Mwanaasha kilipokuwa kimelala siku zile nne. Alisikiliza pumzi kumi hivi. Hakulia. Aliinua upande mmoja wa hedifoni.

“Hii ni ya lini?”

Tarehe ilikuwa pale mbele yake. Akaisoma. Mama akahesabu kwa vidole, toka tarehe hiyo mpaka siku ya hospitali, wiki moja, ya pili, mpaka akafika ya saba, akakiangalia kile kidole cha saba.

“Na wewe uliisikia?”

“Niliisikia, mama.”

Bi Batuli akairudisha hedifoni sikioni, akaishikilia kwa viganja vyote viwili. Akamwambia airudie toka mwanzo.

“Halafu toka nje, Sadick,” akasema. “Niachie mwanangu.”