Viti Vitano vya Kwenda Dar

Kitu cha kwanza alichokiona Lidwina ni kwamba fundi Daimu alimpima Fortunata, na Bibi hakumpima.

Bibi Walburga alikuwa palepale barazani, kwenye kigoda chake, amejitanda kanga mbili kwa baridi ya Juni. Fundi alipomaliza kumpima mjukuu wake Suzana, Bibi aliinuka, akanyoosha mikono pembeni kama alivyoona wenzake wakifanya, akasubiri. Evaline, mkwewe, akacheka kidogo.

"Kaa tu, mama. Wewe si una gauni lako la Pasaka?"

Bibi akashusha mikono. Akapimwa Fortunata, mdogo wake Evaline, mwuza mitumba wa Majengo ambaye hata hakuwa wa nyumba ile. Akapimwa kifua, kiuno na nyonga, huku akimwonya fundi kuwa mabega ya gauni yasimame, maana Dar hawavai mabega yaliyolala.

Lidwina mwenyewe, mjukuu mwingine wa Bibi, hakupimwa, na hilo halikumshangaza. Tangu alipoacha shule darasa la tano alikuwa mtu wa kubaki: kubaki na kuku, kubaki na sufuria, kubaki na Bibi. Lakini safari hii ilikuwa ya Bibi. Ndivyo Baba Mdogo Edwin alivyotangaza barua ya kaka yake Polycarp ilipofika: wazee kwa watoto wanakwenda kuona Sabasaba, na Bibi akamwone mwanawe wa kwanza, ambaye hajamtia machoni miaka tisa. Serikali ilishasema mji mkuu ni Dodoma, lakini Majengo nzima hakuna aliyewahi kufunga mzigo kwenda kutembea Dodoma.

Basi nyumba ikageuka ofisi ya mipango. Edwin aliwahi kufika Dar mara moja, mwaka sabini na tisa, akakaa siku tisa, na sita kati ya hizo alikuwa kitandani na malaria. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu. Jumapili baada ya misa alitoa nguo zote kabatini, akawaingiza watoto humo.

"Hii ndiyo lifti. Ukiingia unasimama wima, humshiki mtu."

"Nani anaivuta, baba?" akauliza Ramson.

"Umeme."

"Na umeme ukikatika?"

Edwin akamwambia atoke kabatini.

Evaline alifundisha adabu za mjini. Kingoni marufuku. Kukodolea televisheni macho marufuku, ingawa yeye mwenyewe aliiona mara mbili tu, kupitia dirisha la watu. Na Dar, alisema, ukisalimia kila unayepishana naye wanajua umetoka shamba. Watoto wakaanza mazoezi hapohapo Songea. Wakampita mzee Osmund, katekista, bila shikamoo, pua juu, na mzee akawafuata hadi nyumbani kuuliza kama wamepatwa na ugonjwa wa masikio.

Lidwina aliyasikia yote akichambua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kupeleka Dar. Maneno yake yaliishia kooni tangu utotoni, na watu wa nyumba ile waliona ni ujinga; naye hakuwasahihisha. Aliwatazama tu. Mwanaume mzima anafundisha kabati. Mwanamke anayechota maji kisima kimoja na majirani anatembea kama ametandikiwa zulia. Na kati yao hakuna aliyemwuliza Bibi kama miguu yake itavumilia basi kutwa nzima.

Barua ya Polycarp ilimfikia kwa dharau hiyohiyo. Asubuhi moja Evaline alimrushia bahasha pale jikoni.

"Washia jiko hiyo. Wewe ndiye karatasi unazijua kwa moto."

Lidwina alichuchumaa, akaisoma, kidole chini ya kila neno. Mkaa ulichelewa sana kushika siku ile. Alipomaliza aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akawasha jiko kwa maganda ya mahindi.

Ikafika siku ya kuamkia safari. Alasiri Bibi alikuwa tayari ameweka kifurushi chake mlangoni: rozari, gauni la Pasaka, na karanga mbichi za Polycarp, ambazo mwanawe huyo alizoea kumwibia alipokuwa mdogo. Wote walikusanyika barazani, Fortunata naye ndani ya gauni jipya lenye mabega kama mbao za mlango.

Katika ukoo wao msafiri haondoki bila kunyunyiziwa maji ya unga wa ulezi. Mwenye kunyunyiza hasafiri. Yeye anabaki kuwalindia wenzake njia. Na aliyekwisha kunyunyiziwa haachwi, maana akiachwa safari ya wote imeharibika. Edwin, pamoja na tai yake na lifti zake, hakuwahi kwenda hata Njombe bila maji yale.

Alitoka ndani na bakuli na kitawi cha majani. Akapiga magoti, akamwekea mama yake mikononi.

"Tunyunyizie, mama," alisema, akitazama sakafu.

Bibi alilitazama bakuli. Kisha akakitazama kifurushi chake pale mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Mtoto wake mwenye kitambi alishindwa kutamka "hutakwenda", akalituma bakuli liseme. Bakuli likainama, maji yakamwagikia mapajani.

Lidwina akasimama.

"Nipe, Bibi."

"Wee, kaa chini," alisema Evaline. "Hayo si ya watoto."

"Anayebaki ni mimi."

Alisema kwa sauti ndogo hata Ramson akauliza, "Anasemaje?" Lakini bakuli lilikuwa tayari mkononi mwake. Akachovya majani, akamnyunyizia Bibi kwanza, kifuani, mara tatu. Kisha Edwin, aliyebaki amepiga magoti, mdomo wazi. Kisha Evaline na watoto wawili. Alipofika kwa Fortunata akaliweka bakuli chini.

"Viti ni vitano," alisema.

"Makubwa! Na gauni langu?"

"Si utalivaa Pasaka, mama mdogo," alisema Ramson, na hakuwa anatania.

Edwin akainuka, akijipangusa tai. "Habari za viti umezitoa wapi wewe?"

Lidwina akafungua pindo la kanga. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, kama siku ile jikoni: "Viti vitano nimekwisha kulipia. Mama akae dirishani, upande usio na jua. Ninyi wengine nimewalipia ili mumsindikize."

Bibi alijigusa kifua kilicholowa, akanyanyuka, akaenda kukichukua kifurushi chake, akakipakata. Edwin alimtazama mkewe, akatazama lile bakuli, na kila mtu akajua kuwa kesho asubuhi hakuna wa kumshusha bibi kizee yule kwenye basi.

Evaline ndiye aliyebaki na ulimi.

"Tangu lini unajua kusoma, wewe uliyeshindwa shule?"

Lidwina alitaka kuinamisha kichwa kama siku zote. Hakukiinamisha.

"Sikushindwa, mama mdogo. Mlinitoa nije kumtunza Bibi. Nilikuwa wa tatu darasani."