Kabla ya Tone la Kwanza

"Unawamwaga kama unalisha kuku, Amuri!" Ritha alipaza sauti kutoka chanja ya jirani, na akina mama wote pale mwalo wa Kibirizi, kando ya ziwa, wakaangua kicheko.

Amuri alikunja mikono ya shati. Alichota dagaa wengine kwenye beseni, akaiinamia chanja ya kuanikia, akajaribu kuwatandaza kama alivyomwona mama yake akifanya tangu yeye yu mtoto, kila dagaa na nafasi yake. Wa kwake walitua marundo marundo. Mwanamume mzima, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima wa Rusimbi, leo anafundishwa kazi na akina mama waliowahi kumwogesha uchi! Lakini angefanyaje? Pale mwaloni chanja isiyo na mtu haimalizi wiki; mwenzio keshatandaza wa kwake. Na Mapendo, mama yake, aliishika ile chanja tangu mumewe angali hai. Alipotoka hospitali, titi la kulia limeondolewa pamoja na saratani yake, neno la kwanza alilouliza halikuwa kidonda wala nini.

"Chanja yangu bado ipo?"

Basi cherehani ikafunikwa shuka, na fundi akahamia kwenye dagaa.

"Mama anaendeleaje?" Ritha aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Anasema hajambo."

"Na mkono?"

Hapo Amuri aliliinamia tena beseni, maana huo mkono ndio uliomtia hofu. Sista Recho, muuguzi wa kliniki, alikuwa amewaeleza taratibu, kama anayeeleza watoto. Mama lazima aende Mwanza kupigwa mionzi, mabaki ya ugonjwa yasipate pa kujificha. Lakini kwenye mashine ile mgonjwa hulala chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, ametulia hivyo hivyo. Mkono usipopanda, mionzi haifiki panapotakiwa. Kwa hiyo kila siku Mapendo alitakiwa asimame mbele ya ukuta, vidole vitambae kwenda juu. Kliniki ilikuwa baada ya wiki mbili, na vidole vyake havijavuka usawa wa bega. Akishindwa, safari inaahirishwa. Ugonjwa wenyewe hauahirishi kitu.

"Dawa ya maumivu anakunywa?"

"Anakunywa, dada. Kila siku namuuliza."

Ni kweli alimuuliza. Kila alfajiri, mguu mmoja ndani na mwingine nje: shikamoo mama, marahaba, umekunywa dawa, nimekunywa, unaumwa, aa, sijambo baba, alhamdulillahi. Kwani Mapendo angejibu nini? Kulelewa kwake Ujiji ni kulelewa. Hata nyumba ingekuwa inaungua, ukimsalimu angekujibu salama kwanza, ndipo akuombe ndoo ya maji.

Mchana ule wingu likajikusanya ng'ambo, upande wa Kongo. Akina mama wakaanza kuzoa dagaa wao, haraka, bila hata kuambiana. Amuri akatazama juu. Jua la Kigoma lilikuwa linamchoma kisogoni, na dagaa wake walikuwa wamebakiza kidogo tu kukauka. Akajiambia, likidondoka tone moja nitaanza.

Tone halikudondoka moja. Mvua ilivuka ziwa na kumwagika yote kwa mpigo, na kabla Ritha hajamkimbilia na turubai, nusu ya dagaa walikuwa wanaelea kwenye chanja. Dagaa waliolowa namna ile hawana dawa. Jioni wanaanza kunuka, kesho ni chakula cha bata.

Nyumbani, Mapendo alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka. Hakuhitaji kuambiwa. Alilinusa beseni.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Jua lilikuwa linawaka, mama."

"Jua! Jua laghai lile! Ukisubiri tone umeshachelewa. Wingu likitanda Kongo unazoa, hata kama kisogo kinakuungua. Nimekuzaa kweli mimi?" Akataka kumtupia mkono, kama alivyozoea kufoka, lakini mkono uliishia tumboni na uso ukamkunjamana. Akageuka upande. "Kalete gunia kavu chini ya kitanda, tuokoe wanaookoleka."

Amuri aliingia, akapiga magoti, akavuta gunia. Nyuma ya gunia palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu, zimefungwa kwenye kipande cha kanga, chupa za dawa. Moja haijafunguliwa. Nyingine imepungua kidole kimoja tu. Akakaa pale pale sakafuni. Hasira ilimpanda kwanza, halafu ikamshuka ikamwacha na uchungu mtupu. Siku zote hizi mama yake alikuwa analala macho, yeye akiwa chumba cha pili anakoroma.

Akatoka nazo.

"Hizi ni nini, mama?"

Mapendo aliziangalia, akaangalia uani.

"Akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya mbalamwezi."

Kibirizi hakuna asiyelijua hilo. Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mwanamke mwenye akili huwa na gunia lake la dagaa amelificha kwa ajili ya siku zile.

"Haya ya sasa bado si maumivu," mama aliendelea kwa sauti ndogo. "Ulimsikia marehemu Eufrasia alivyokuwa akilia mwishoni kwa saratani yake? Mtaa mzima tulikosa pa kuweka masikio. Yakija yale yenyewe nikute chupa tupu, nitafanyaje? Sitaki unione hivyo, baba. Sitaki."

"Sista Recho alisemaje, mama? Alisema dawa hii inanywewa kwa saa, maumivu yakute imeshatangulia. Alisema ikipungua tutapewa nyingine. Mkono hautapanda kama unauma, na kama haupandi hakuna Mwanza!" Sauti ilikuwa imempanda, na hakuwahi kumpandishia mama yake sauti maisha yake yote. "Sasa hivi umenitukana kwa kusubiri tone. Wewe unasubiri gharika! Wingu limeshatanda, mama. Naliona usoni mwako kila ukiugusa huo mkono."

Mapendo akavuta kanga yake, akaufunika mkono.

"Unadhani nainamia ile chanja kwa kuwa naipenda?" Amuri alisema, sasa polepole. "Dagaa wananishinda, nahangaika nao tu. Mimi nataka upone uirudie."

Maji ya mvua yalikuwa bado yanachuruzika kwenye bati.

"Umeniozesha dagaa," mama alisema mwishowe, "halafu unanifokea kwangu."

"Nisamehe, mama."

"Lete hicho kibomba cha kupimia. Na sukari, maana ni chungu hiyo dawa, chungu kweli."

Siku za mwanzo alilala tu, mpaka Amuri akaogopa, akampigia simu Sista Recho, akaambiwa mwache, ana deni la usingizi. Halafu dawa ikamfungisha choo, Ritha akaleta mapapai. Halafu akaanza kugomba: chai nyepesi, kuku wa jirani wakorofi, Amuri kachana nywele vibaya. Amuri alizipokea lawama zile kwa furaha isiyo kifani.

Naye aliacha kuuliza akiwa mlangoni. Asubuhi alivuta kigoda, akaketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

Amuri hakuinuka. Jana yake pia hakuinuka, na juzi yake. Mapendo alikisogeza kikombe, akakirudisha, akavuta pumzi.

"Inauma," alisema. "Hapa kwapani. Kama uzi uliovutwa ukakunja kitambaa. Si kama zamani, lakini inauma."

Amuri alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Sasa unalia nini?"

"Silii."

"Basi simama, twende ukutani. Na usiniguse, mkono nitaupandisha mwenyewe."

Siku ya kliniki Amuri alimvalisha gauni aliloshona mwenyewe, lenye kwapa pana. Sista Recho aliwakaribisha ndani, akasalimia, akauliza habari za maumivu.

"Salama," alianza Mapendo, kisha akajikamata. "Yapo, mwanangu. Madogo. Yanaamka mkono ukipita hapa."

"Nionyeshe."

Mkono ukaondoka pajani. Ukafika begani, ukasita, na Amuri akajikuta ameshika ukingo wa meza kwa nguvu. Ukapita sikio. Mapendo aliuma mdomo, akapumua kwa pua kama alivyofundishwa, akausukuma tena, mpaka kiwiko kikavuka kilemba na mkono ukasimama juu ya kichwa, unatetemeka, lakini umesimama.

"Hongera, mama!" Sista Recho alipiga makofi. "Imetosha, ushushe sasa. Mwanza unakwenda."

Mapendo hakuushusha.

"Huko kwenye mashine wataniweka hivi muda gani?"

"Aa, dakika kumi. Pengine na zaidi."

"Basi msinisemeshe."

Akafumba macho, mkono ungali juu. Mgonjwa aliyekuwa afuate alichungulia mlangoni, akaona, akarudi kwenye benchi akakaa.