Kengele Ndani ya Mashine

Wanafunzi walimwita Kengele, kwa kuwa akifika mahali, starehe imekwisha. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, na amri yake kuu ilikuwa moja: ukisemeshwa, itika. Adabu hiyo sasa ilikuwa ikimtokea puani.

Shavu lake la kulia lilikuwa likipigwa shoti kama za umeme. Akitafuna, shoti. Akisema, shoti. Daktari wa upasuaji alishuku kwamba mshipa wa damu umeulalia mshipa wa fahamu wa uso, lakini bila picha safi ya kuthibitisha, hashiki kisu. Na picha safi ilitaka kichwa kitulie tuli.

Basi Kengele akasukumwa ndani ya mashine ya sumaku kama mkate tanurini. Mashine ikagonga na kunguruma. Kazi ikiwa katikati, sauti ya kijana mpiga picha ikamfikia kwenye vipaza sauti vya masikioni, imejaa upole.

"Mama, unaendeleaje humo?"

"Salama, mwanangu." Taya likacheza, shoti ikapiga, kichwa kikaruka.

"Umetikisika, mama. Turudie."

Wakarudia.

"Pole na kelele, mama."

"Nimeshapoa." Shoti. Picha ikatoka kama uji uliomwagika.

Mara ya tatu Kengele akaapa kuwa bubu. Kijana akamjulia hali, kimya. Akaita, kimya. Akaita tena, sauti ikitetemeka. Ghafla mashine ikazimwa, kitanda kikavutwa nje, na muuguzi akamdaka mkono kumpima mapigo ya moyo.

"Tulidhani umezirai," kijana akasema, jasho likimtiririka.

Kengele akakaa kitako na kuamua kwamba maneno yafuatayo yanastahili maumivu yake.

"Umelelewa vizuri, na ndiyo balaa lenyewe. Huu mpira mlionipa nishike, nikizidiwa nitauminya. Nisipouminya, mimi mzima. Ukinisemesha tena, nakufuata huko nyuma ya kioo chako."

"Sawa, ma—"

Akamkata jicho. Kijana akameza neno lililobaki.

Safari hii mashine ilinguruma peke yake. Ilipomaliza, Kengele akaongozwa hadi kwenye kioo cha kompyuta. Kijana akaonyesha kwa kidole tu: kimshipa chembamba kama uzi, kimejilaza juu ya mshipa wa fahamu kama mtoro aliyesinzia bwenini wakati wa vipindi.

Kengele akakitazama kwa hasira yote ya mwaka mzima wa shoti.

"Kumbe ni wewe," akakiambia, shavu amelishika. "Mpelekeeni daktari picha. Leo hii."