Bakuli la Mzee Pansu

Pale kijijini Bamgol bakuli la jirani halirudishwi tupu, na hilo halina mjadala. Ukiletewa supu utarudisha mayai. Huna mayai, rudisha pilipili kavu. Huna pilipili, utajua mwenyewe utakachotia, lakini tupu halirudi. Jomrye aliijua desturi hiyo tangu hajajua kutembea, na bado siku walipokaa kupanga mradi wao wa Kapu la Bamgol haikumpitia akilini hata kidogo. Wanawake kumi na wawili, watu wazima na akili zao, wote wa kujitolea, walipanga kila kitu: nani avune wapi, makapu mangapi ya mboga yaende mjini, na yatakayobaki yapikwe kwenye ukumbi wa kijiji wapelekewe wazee wanaoishi peke yao. Walibishana asubuhi nzima juu ya rangi ya aproni. Suala la bakuli hakuna aliyeligusa.

Jomrye ndiye aliyepewa pikapu, kwa sababu wenzake waliogopa kuendesha kwenye barafu na yeye aliogopa tu kuonekana anaogopa. Alikuwa na miaka sitini na minane, mdomo mkali, na vyeti kumi na moja vya mshindi wa kwanza wa kimchi, ile kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, katika tarafa nzima. Vyote kavitundika ukutani kwenye fremu. Mgeni akiingia kwake hakaribishwi kuketi mpaka avisome.

Mzee wa mwisho katika njia yake alikuwa Pansu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, miaka themanini na moja. Mkewe, Sunim, alikuwa shoga wa Jomrye wa kufa na kuzikana, naye alikuwa ameaga dunia majira matatu ya baridi yaliyopita. Mwaka huu nyonga ilimshinda Pansu, shamba likalala, akawa anakula wali kwa maji ya moto basi. Muuguzi wa zahanati alimpima akamkuta na kilo arobaini na saba. Habari zikamfikia mwanawe, Hyongi, huko mjini Incheon, naye akampigia Jomrye simu. Alizungumza kwa upole, lakini alichosema hakikuwa na upole wowote: angekuja Mwaka Mpya na mizani yake mwenyewe, na baba yake asipofika kilo hamsini, anamchukua akaishi naye ghorofa ya kumi na tisa.

"Ghorofa ya kumi na tisa," Jomrye aliwaambia wenzake. "Mtu ambaye hata ngazi ya kuchumia matunda inampa kizunguzungu. Huko ni kumuua."

Basi ikaamuliwa kwamba Pansu lazima anenepe, apende asipende.

Mara ya kwanza bakuli lilirudi na mayai mawili. Mara ya pili likarudi na yai moja, maana kuku walikuwa wameanza kususa kwa baridi. Mara ya tatu likarudi na nyundo. Jomrye alishangaa, lakini kukataa ingekuwa kumtukana mzee wa watu, akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Baadaye kikaja kiatu kimoja cha mpira, na siku iliyofuata kikaja cha pili. Ikaja redio. Ikaja saa ya ukutani, imefungwa vizuri kwenye gazeti. Vitu vikarundikwa kwenye kona ya ukumbi, na Okbun, mpishi mkuu, akasema bado kidogo wafungue duka. Wakacheka sana, wajinga wale, na Jomrye ndiye aliyecheka zaidi.

Halafu bakuli likarudi na kijiko.

Jomrye alikitambua palepale. Kilikuwa na ua kwenye mpini, na pacha wake ni kile alichozikwa nacho Sunim. Ndicho kijiko pekee alichokuwa anakitumia Pansu. Alisimama kwenye sinki na kijiko mkononi, maji yanamwagika, na aibu ikampanda hadi masikioni. Walikuwa wameenda kumlisha, kumbe wamemhamishia nyumba ukumbini kipande kipande.

Kuanzia hapo mlango haukufunguliwa. Supu ya Jumatatu iliganda barazani, na ya Jumatano ikaganda juu yake. Jomrye alibembeleza nje ya mlango, akatukana, akabembeleza tena. Mwisho akapiga kelele kwamba bakuli si lazima lirudi na kitu, alirudishe hivyohivyo. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Sauti ya Pansu ikatoka ndani polepole.

"Kumbe mimi nimekuwa ombaomba, shemeji."

Jomrye alirudi nyumbani akakaa chini ya vyeti vyake, hana hamu ya kula. Siku kumi na tisa zilibaki kabla ya Mwaka Mpya. Akavitazama vile vyeti ili ajifariji, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakutua kwenye jina lake bali kwenye saini iliyokuwa chini. Ilikuwa ileile kwenye vyote kumi na moja: Pansu, jaji. Miaka yote ile tarafa nzima haikuwa na ulimi kama wake. Walimwogopa kuliko mkuu wa polisi.

Kesho yake alibisha hodi amebeba kimchi yake mwenyewe ya mwaka huu na bakuli la wali.

"Fungua, shemeji. Sijakuletea chakula. Nimekuletea kazi."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Kazi gani, aliuliza Pansu. Jomrye akamweleza kwamba kimchi ya mwaka huu ina kasoro na kijiji kizima hakuna wa kumwambia ni nini. Alikuwa anadanganya mchana kweupe, kwa maana yeye mwenyewe aliiona haina dosari hata chembe. Pansu akachukua kipande cha kabichi kwa vidole, akafumba macho, akatafuna muda mrefu sana.

"Chumvi imezidi."

Jomrye nusura amwage bakuli. Alikuwa amejiandaa kusifiwa, awe mnyenyekevu kidogo, kisha aondoke. Akauliza imezidi wapi, kwa kipimo cha nani, na kama imezidi, vile vyeti kumi na moja vilikuwa vya nini.

"Nilikuwa na sababu zangu," alisema Pansu, na akaomba ule wali, kwa sababu kimchi haihukumiwi kwa kipande kimoja. Alipomaliza bakuli zima aliandika hukumu yake nyuma ya bahasha ya dawa, akaikunja, akaiweka ndani ya bakuli na kulirudisha kwa mikono miwili. Bakuli halikurudi tupu. Jomrye alikaa kwenye pikapu akaisoma mara tatu, hajui aichane au aibusu.

Alifika ukumbini anawaka. Alipowasimulia wenzake, wakamcheka mpaka wakalala sakafuni, na Okbun akasema labda ni kweli, akamtuma na supu yake ya maharage ya soya. Jibu likarudi kwa maandishi safi: "Supu hii inayajua maharage kwa kusikia tu." Okbun hakulala usiku ule. Kesho yake alituma sufuria nzima.

Baada ya hapo haikuhitaji kusukumwa. Kila aliyetukanwa alirudi. Mmoja aliambiwa figili zake zimekatwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwingine. Mwingine aliambiwa samaki wake amekufa mara mbili. Wanawake ambao hawakuwa wamesemeshana tangu ugomvi wa mfereji wa maji walianza kuazimana vitunguu saumu, ili wamshinde yule mzee mshenzi. Naye alikula vyote hadi chini, akidai kwamba kasoro mara nyingi hujificha kwenye bakuli la pili. Vitu vyake vikaanza kurudi kimoja kimoja. Jomrye alimwambia kwamba jaji hafanyi kazi bure na huo ni ujira wake. Pansu alipokea kijiko, akakifuta kwa mkono wa shati. Saa akaipokea na kulalamika kwamba inachelewa dakika mbili.

Hyongi alikuja Mwaka Mpya na mizani ya kioo aliyoizungushia taulo. Wanawake wote kumi na wawili walikuwa na shughuli za lazima pale barazani asubuhi hiyo. Jomrye alijifanya anafagia theluji. Hyongi alizaliwa Bamgol, hakudanganyika. Alimwambia baba yake avue koti, na lilipoanguka sakafuni likalia ko! Kulikuwa na jiwe la kunolea mundu mfukoni, na Okbun akaanza kutazama mawingu. Akamvua na suruali ya juu, na ya pili chini yake, hadi mzee akabaki na nguo za ndani za baridi, mikono kifuani, anatukana kwa sauti ya chini.

Kilo hamsini na moja na nusu.

Hyongi alipanda mwenyewe aone kama mizani imeharibika. Kisha akatoka nje, pale barazani, akawatazama akina mama wale mmoja mmoja, akawainamia hadi chini na hakuinuka haraka. Alisema atarudi majira ya kuchipua, kutembea tu. Jomrye alilia waziwazi na kusingizia moshi, ingawa hapakuwa na moto.

Watu walipoingia kula, Pansu alimwita Jomrye nyuma ya nyumba. Alipapasa kwenye theluji kwa fimbo, akaondoa majani makavu ya mpunga, na pale chini kikaonekana kifuniko cha mtungi. Jomrye aliujua ule mtungi. Sunim aliujaza akiwa tayari mgonjwa, na ilikuwa kimchi yake ya mwisho. Tangu siku ile haukufunguliwa.

Pansu akachana jani moja kwa mkono, akamwekea kwenye bakuli alilotoka nalo ndani.

Ilikuwa imekaa miaka mitatu chini ya ardhi. Ilikuwa chachu, tulivu, yenye ladha iliyokuja polepole na ikakataa kuondoka. Jomrye alitafuna, na hata kabla hajameza alishajua alichokuwa anakula.

"Hii ndiyo ilikuwa ya kwanza," alisema Pansu. "Miaka yote kumi na moja. Lakini ningempa mke wangu cheti, mngesemaje nyie?"

 Jomrye aliviona vyeti vyake vyote kwenye fremu zake, na wageni wote aliowasimamisha. Hasira ilimpanda, ikafika kooni, na hapo ikakuta kimchi ya Sunim.

"Na yeye alijua?"

"Alijua tangu mwaka wa kwanza. Alisema nikupe wewe tu, maana ukikosa utanuna mpaka mwaka mwingine, na yeye ndiye atakayekaa na huo mnuno."

Jomrye alimaliza lile jani bila kuacha hata tone la mchuzi, huku machozi yanamtoka na hayafuti. Kisha akalitazama bakuli. Lilikuwa tupu, na mikononi hakuwa na kitu.

"Nipe bahasha ya dawa," alisema, "na kalamu."

Aliandika akiwa amesimama kwenye theluji, akakunja, akaweka ndani ya bakuli na kumkabidhi Pansu kwa mikono miwili. Mzee akaifungua, akaisogeza mbali na macho ili aweze kusoma. Ilikuwa imeandikwa "Chumvi imezidi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti, na alipoinua uso Jomrye alikuwa tayari ameinama juu ya mtungi, anachana jani la pili.