Katoni Aliyoikalia Sihaba

Jumanne asubuhi Sihaba, mfanyabiashara wa Kariakoo, alikuwa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla huko Uchina, akichagua bastola za maji za watoto. Ndani ya katoni, kati ya za njano na za buluu, akakuta moja nyeusi, nzito, ina joto kama imetoka mkononi mwa mtu.

Mwenye duka aliipima kwa kiganja, akairudisha.

"Si yangu. Zangu nyepesi."

"Laoban, bosi wangu, si uitoe basi."

"Meiyou, hamna. Imekuja na wewe."

Kwenye stesheni ya metro mashine ya kukagua mizigo iliiona. Mlinzi akaichukua, halafu akamwambia anywe maji ya chupa yake, ahakikishe kweli ni maji. Akanywa. Alipofika chumbani kwake Xiaobei, bastola ilikuwa imeshafika, imelala juu ya zile za maji.

Akampigia binti yake, Kauthar, aliyeko Marekani.

"Ya Msabaha hiyo," alisema Kauthar. Msabaha ndiye aliyekuwa mume wa Kauthar, aliyefungwa kwa kumvunja taya, wakaachana. "Kanipigia, anauliza nani kaichukua mezani kwake."

"Mtu wa kesi vile, nani kamuuzia?"

Hapa, kina mama mnaonisoma, msikilize.

"Dukani walimkagua wakamkatalia, mama. Sheria ya nchi nzima inambana mwenye duka. Watu wakiuziana wenyewe kwa wenyewe, majimbo mengine yanataka mnunuzi akaguliwe. Letu halitaki. Kanunua kwa mtu tu, maegesho ya supamaketi."

"Mimi hapa wamekagua maji."

"Ndiyo hivyo, mama."

Sihaba akaifunga katoni kwa selotepu, akaikalia. Adhuhuri aliinuka kuswali, katoni ikawa nyepesi. Ujumbe wa Kauthar ukaingia: *Anasema kaiona.* Akaikalia tena, ikawa nzito. Alasiri akaswali amekaa, kama mgonjwa.

Loyce, anayeishi naye, akamletea wali.

"Shoga, unaatamia?"

"Nalinda."

"Na kontena? Na viza yako inayoisha?"

"Nikiinuka inarudi kwake."

Loyce akamwekea sahani mapajani, akaenda kumtafutia mto.

Ijumaa katoni ya pili ya mzigo wake, ya midoli, ikaanza kutoa joto. Simu ikalia.

"Mama, kachoka kuitafuta," alisema Kauthar. "Kanunua nyingine. Kwa mtu yule yule."

"Hakuulizwa kitu?"

"Aulizwe na nani?"

Sihaba akamwomba Loyce aisogeze ile katoni karibu. Akanyoosha miguu, akailaza juu yake. Kwenye kona zilikuwa zimebaki katoni nyingine tisa.