Nimulikie, Baba Limi

Jana usiku nimeota niko dukani, mchana kweupe, nachagua tochi ya kufunga chini ya mtutu wa bastola yangu.

Nieleze kidogo. Nina ghala la mpunga hapa Kahama, na tangu jirani yangu avamiwe, nimepewa kibali cha kumiliki bastola. Umeme wetu ni wa kubahatisha, na mwizi nisiyemwona simtaki. Kwa hiyo tochi.

Muuzaji hayupo. Tochi zimepangwa mezani, na zote zinanitazama.

"Nichukue mimi," inasema iliyo fupi. "Sina makuu. Natulia chini ya mtutu, sichomozi."

"Huyo humulika mpaka puani pake," inadakia ndefu. "Mimi namulika mpaka ng'ambo ya barabara."

Nikachukua ndefu. Mwanamume ukishaambiwa ng'ambo ya barabara, utachukua nini kingine?

Bastola ikaivaa, ikajitazama kwenye kioo, ikageuka upande, ikaridhika. Tukaenda kwa ala yake, ile ala ya ngozi ninayoivaa kiunoni kila siku. Tuliikuta imeketi kwenye kigoda, inachambua mchele.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Na huyo mwenye kidevu ni nani?"

"Ni bastola yako, mama."

"Wangu nilimlea mwembamba. Huyu haingii."

Nikasukuma. Haikuingia. Nikasukuma tena kwa nguvu, na ala ikanishika mkono.

"Ukinipanua mpaka tochi ipite, kifyatulio kitabaki wazi, na kidole chochote kitafika, hata cha mtoto. Ala hushonwa kwa kipimo cha tochi, Baba Limi. Ungenishirikisha kabla hujanunua."

Ikarudi kwenye mchele wake. Nilipoinua macho, duka lilikuwa jiko la nyumbani kwangu, umeme ulikuwa umekatika, na bastola ilikuwa mkononi kwa sababu haikuwa na pa kuwekwa.

Nawasha tochi. Mwanga unaliangukia birika.

"Haya, nimekwisha," linasema birika. Linalala ubavu, na chai inamwagika.

"Nimelifanya nini?" nauliza.

"Umelimulika," inajibu bastola. "Inapotazama tochi ndipo ninapotazama mimi. Umetufunga pamoja, au umesahau?"

"Lakini sikufyatua!"

"Kufyatua ni kazi ya ziada. Kilichomulikwa kimekwisha."

Nageuka kwa mshtuko, na kiti kinapiga magoti, kinakata roho bila lawama. Ndipo nasikia kitu kinajikokota sakafuni. Nyoka! Wahenga walisema amulikaye nyoka huanzia miguuni pake, nami nimelelewa vizuri. Nikaanzia miguuni pangu.

"Tumekutembeza vya kutosha," ukasema mguu wa kulia. Wa kushoto haukusema kitu, ulikuwa umeshatangulia. Nikaanguka chini kwa makalio. Nyoka mwenyewe alikuwa waya wa pasi.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mke wangu, Nshoma, ikitoka koridoni.

"Baba Limi! Nimulikie hapa, sioni ngazi."

Kwetu umeme ukikatika, mwenye tochi humulikia mwenzake. Halijadiliwi hilo. Tangu tuoane sijawahi kumwacha gizani.

"Simama hapo hapo, Mama Limi!"

"Nisimame gizani? Si una tochi mkononi?"

"Ninayo."

"Basi nimulikie."

"Siwezi."

"Makubwa! Kwani tumegombana, baba?"

Nasikia ndala zake zinakuja. Mkono wangu unainuka wenyewe, kwa mazoea tu ya kumpenda. Natafuta kitufe cha kuzimia, kitufe kinasema, "Sipo. Nimekwenda kwenye msiba wa birika." Mwanga unapanda mlangoni. Kizingiti kinakwisha. Unasogea mbele, unagusa pindo la kanga yake, na mimi sina nguvu ya kuurudisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwizi yeyote. Nikapiga yowe.

Yowe ndilo lililoniamsha. Kulikuwa kumekucha. Bastola ilikuwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Tochi ndefu niliyoinunua jana ilikuwa ndani ya boksi lake, karatasi ya gundi haijabanduliwa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nshoma akaingia, mzima kabisa, na uso wa hasira.

"Baba Limi, hebu ona kanga yangu. Nimeivaa mara moja tu, hii."

Pindoni palikuwa na tundu la duara, linalopitisha kidole kidogo, kingo zake zimeungua.

"Panya," nikasema.

"Tangu lini panya akachoma kitu?"

Nikalitazama lile tundu, nikaangalia lilivyokuwa karibu na ugoko wake.

"Haya, inuka basi unywe chai," akasema. "Nimechemsha kwenye sufuria. Birika sijui limeingiwa na nini."

Nikajaribu kuinuka. Miguu yote miwili ilikuwa bado imekufa.